Namba Iandikwe Mara Moja: Kuhamisha Hesabu za Nyenzo za Nyuklia Kutoka Daftarini Hadi Kwenye Kompyuta

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa funguo za stoo. Huenda ni msimamizi wa maabara ya chuo mwenye chupa za chumvi za urani kabatini, huenda ni ofisa usalama wa mionzi wa kampuni inayokagua maungio ya mabomba, huenda ni mhudumu wa kinu kidogo cha utafiti. Wengi wao hawajui kwamba wao ni watunza hesabu za nyuklia. Kamera ya kukagulia maungio ya chuma hubeba chanzo cha mionzi cha iridi-192, na mara nyingi chanzo hicho hukaa ndani ya ngao ya urani iliyofifishwa, yaani urani iliyopunguzwa aina yake inayopasuka kwa urahisi, U-235. Kazi ya ngao ni kuzuia mionzi tu, lakini kisheria ni nyenzo ya nyuklia na lazima ihesabiwe. Baadhi ya mashine za zamani za kobalti-60 hospitalini nazo zina ngao ya namna hiyo.

Nchi iliyojiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika 1970, huahidi kulieleza Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ina nyenzo gani, kiasi gani, na ziko wapi. Nchi zenye kiasi kidogo, zikiwemo nyingi za Afrika Mashariki, hupewa utaratibu mwepesi, ila utaratibu huo ulikazwa 2005 na hesabu imebaki kuwa wajibu. Tanzania mwenye dhamana ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Na urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo ikianza kujazwa kwenye mapipa kwa wingi, watu wa kazi hii watahitajika kuliko ilivyo leo.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya miaka ya kuingiza na kukagua data za aina hii. Ukitoa daftari ukaweka kompyuta, halafu mtu akaendelea kusoma namba huku na kuigonga kule, hujaondoa kosa, umelihamisha kutoka kwenye kalamu hadi kwenye kibodi. Kinachopunguza makosa ni kupunguza idadi ya mara ambazo binadamu ananakili namba. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Anza na vitu, usianze na daftari

Ofisi nyingi hununua programu, kisha humpa kijana daftari la zamani alichape lote. Usifanye hivyo. Utakuwa umerithi makosa ya miaka 30 na kuyavalisha nguo mpya.

Ingia stoo na mtu wa usalama wa mionzi, mkiwa na kipimo cha mionzi na karatasi tupu. Chukua kila chombo kimoja kimoja. Andika namba ya mtengenezaji, maneno yote yaliyo kwenye kibandiko kama yalivyo, uzito, na mahali kilipokaa. Kipige picha kibandiko. Usitafsiri chochote wakati huo. Kama kibandiko kinasema LB (ratili), andika LB.

Nasisitiza hilo kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Kwenye ofisi moja, ngao ya kamera ilikuwa na bati lililochongwa 34 LB. Daftari lilisema kilo 34. Ratili 34 ni kilo 15.4 tu, kwa hiyo kwenye karatasi ofisi ile ilikuwa na karibu kilo 19 za urani ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Mwandishi wa kwanza alikosea mara moja. Waliomfuata walinakili kwa uaminifu mkubwa, mwaka hadi mwaka.

Ukimaliza, linganisha orodha yako na daftari. Zikitofautiana, usirekebishe kimyakimya. Andika namba zote mbili, eleza sababu kama unaijua, na umjulishe msimamizi wa kitaifa. Orodha ya vitu vilivyoonekana na kupimwa ndiyo salio lako la kufungulia hesabu.

Hatua ya 2: Chora safari ya namba

Chukua namba moja tu, tuseme uzito wa chupa uliopimwa Jumatatu, na uifuate hadi kwenye ripoti. Nitaeleza safari niliyowahi kuikuta.

Aliyesimama kwenye mizani amevaa glavu jozi mbili na barakoa. Anasoma kwa sauti. Mwenzake anaandika kwenye karatasi ya kazi. Jioni karatasi inahamishiwa daftarini. Ijumaa daftari linachapwa kwenye Excel. Mwisho wa mwezi Excel inahamishiwa kwenye fomu ya ripoti. Fomu inatumwa makao makuu, na huko mtu mwingine anaigonga upya kwenye mfumo wao. Namba moja imeandikwa mara tano. Ukiwa na vipimo 40 kwa siku, hizo ni nafasi 200 za kukosea.

Hatari ya kwanza iko palepale kwenye sauti. Kwa Kiswahili "sitini" na "sabini" zikipita kwenye barakoa huku feni ya hewa inavuma, masikio hayazitofautishi. Kama kwa sasa hamna njia nyingine, someni tarakimu moja moja: "sita, sifuri". Anayeandika arudie kwa sauti, tena atazame mizani mwenyewe.

Kwenye mchoro wako weka duara jekundu kila mahali mkono wa mtu unaponakili. Lengo ni kubaki na duara moja, na kwa vipimo vya mizani usibaki nalo hata moja.

Hatua ya 3: Kipe kila chombo jina lisilokosewa

Kosa la uzito huonekana mapema. Kosa la utambulisho hujificha, kwa sababu uzito ni sahihi ila umeandikwa kwa chombo cha jirani.

Pale Kinshasa palikuwa na kinu cha nyuklia kilichoanza kazi 1959, TRICO I, cha kwanza barani Afrika, katika nchi ambayo urani yake ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imeshatumika kwenye mradi wa bomu la Marekani. Miaka ya 1970 fimbo mbili za mafuta ya nyuklia zilitoweka hapo. Moja ilikamatwa Italia 1998. Ya pili haijapatikana. Ule ulikuwa wizi, si kosa la kuandika, lakini unaonyesha kwa nini "fimbo 70 zipo" si hesabu. Hesabu ni orodha ya fimbo zote, kila moja kwa namba yake.

Tunga namba zako za ndani za vyombo, na kila namba iishie na tarakimu ya ukaguzi. Unaitumia kila siku bila kujua. Bonyeza *#06# kwenye simu yako itokee namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ya mwisho haihesabu chochote, imetokana na zile 14 za mbele kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950. Kadi za benki nazo hutumia kanuni hiyohiyo.

Tuifanye kwa mkono. Namba ya chombo ni 40716. Anza kulia: zidisha 6 mara mbili, ni 12, na tarakimu zake ukizijumlisha unapata 3. Inayofuata, 1, iache. Zidisha 7 mara mbili, ni 14, jumlisha 1 na 4, ni 5. Sifuri iache. Zidisha 4 mara mbili, ni 8. Jumla ni 3+1+5+0+8, yaani 17. Ili kufika 20 unahitaji 3. Basi namba kamili ya chombo ni 407163. Sasa mtu akichanganya akagonga 470163, jumla ya tarakimu za mbele inakuwa 19, ambayo inadai 1 mwishoni, si 3. Mfumo unakataa kabla hajanyanyua kidole. Kanuni hii inakamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila mpishano wa tarakimu mbili zinazofuatana. Unaoipita ni mmoja tu, 09 ikiandikwa 90.

Chapisha namba hiyo kama msimbopau kwenye stika inayostahimili kemikali, na chini yake uichapishe kwa tarakimu zinazosomeka. Skana inasoma, mtu hagongi. Kugonga kubaki njia ya dharura stika ikichubuka, na hapo ndipo tarakimu ya ukaguzi inapokulinda. Bandika stika kwenye mwili wa chombo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana vyombo.

Usianze namba na sifuri, na usiipe sura ya tarehe. Excel hugeuza 00417 kuwa 417, hugeuza 3-12 kuwa tarehe, na 4E12 huifanya trilioni 4. Yote hayo inayafanya kimya, bila kukuuliza.

Hatua ya 4: Unganisha mizani na kompyuta

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, na pesa zikiwa chache ningeanzia hapa.

Mizani nyingi za kielektroniki za maabara tayari zina kitundu cha kuchomekea waya nyuma, cha aina ya RS-232 au USB, na kwenye ofisi nyingi kitundu hicho hakijawahi kuchomekwa kitu. Njia rahisi ni kuifanya mizani ijifanye kibodi: ukibonyeza kitufe chake, namba inajiandika mahali ilipo kasa, ile alama inayomemeteka kwenye skrini. Inafanya kazi, ila kasa ikiwa kwenye kisanduku kisichohusika namba itatua huko. Njia bora ni programu kuiomba mizani usomaji na kupokea mambo manne kwa pamoja: namba, kipimo chake kama ni gramu au kilo, alama kwamba usomaji umetulia, na muda. Usomaji ambao haujatulia ukataliwe. Mtu asiweze kuigusa namba baada ya hapo.

Asubuhi, kabla ya kupima chochote, weka jiwe la kupimia lenye cheti, la gramu 200 kwa mfano. Mfumo uandike matokeo, na yakitoka nje ya kiwango mlichokubaliana, ufunge upimaji wa siku hiyo mpaka mizani irekebishwe. Chombo kitupu kipimwe mara moja baada ya kubandikwa stika, si kabla, kwa kuwa mizani yenye desimali tatu inaiona hata stika. Uzito huo uhifadhiwe chini ya namba ya chombo, ili kutoa uzito wa chupa iwe kazi ya kompyuta.

Kwa nini nashikilia hili? Mwaka 1999, kiwanda cha Sellafield nchini Uingereza kilikutwa na data za kipenyo cha vidonge vya mafuta mchanganyiko ya urani na plutoni ambazo hazikutokana na vipimo. Wafanyakazi walikuwa wamenakili takwimu kutoka kwenye mafaili ya awali ya kompyuta. Mafuta hayo yalikuwa yameshasafirishwa hadi Takahama, Japani, na 2002 yalirudishwa Uingereza kwa meli. Mkuu wa kampuni alijiuzulu 2000. Zile zilikuwa data za ubora, si za hesabu ya nyenzo, lakini ugonjwa ni uleule: penye namba nyingi zinazofanana, penye faili la jana lililo wazi na msimamizi asiyepita, mtu aliyechoka atanakili. Mizani iliyounganishwa haina faili la jana.

Hatua ya 5: Weka walinzi mlangoni

Mlinzi ni kanuni inayokagua ingizo kabla halijaingia. Mtu wa programu hawezi kuzibuni peke yake. Zinatoka kwako wewe unayejua nyenzo, kwa hiyo kaa naye.

Mlinzi wa kwanza ni wa elementi na kampaundi. Mizani inapima unga wote, ripoti inataka urani tu. Kosa hili nalikuta kuliko mengine yote, hata kwa wasomi wa kemia. Chupa imeandikwa nitrati ya uranili, gramu 500. Mtu anaandika gramu 500 za urani. Ukweli ni gramu 237, kwa sababu kilichobaki ni oksijeni, nitrojeni na maji. Mwandishi achague jina la kampaundi kwenye orodha, na mfumo uzidishe wenyewe. Kwa urani asilia vizidisho ni hivi:

- U3O8: 0.8480
- UO2: 0.8815
- nitrati ya uranili yenye molekuli sita za maji: 0.4740
- asetati ya uranili yenye molekuli mbili za maji: 0.5612

Angalia maji. Nitrati isiyo na maji kizidisho chake kinakaribia 0.604, na mwenye nitrati yenye maji akichagua mstari wa isiyo na maji atakosea kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo orodha iandike majina kwa ukamilifu, pasiwe na mstari unaosema "nitrati" peke yake. Chupa ndogo ya asetati ya gramu 25, ile inayotumika kutia rangi sampuli za hadubini ya elektroni, ina gramu 14 za urani. Ni kidogo, lakini ipo kwenye vyuo vyetu na inasahaulika sana.

Mlinzi wa pili ni wa vipimo. Plutoni na urani iliyorutubishwa (iliyoongezewa U-235) huripotiwa kwa gramu, tena urani iliyorutubishwa huhitaji namba mbili: gramu za urani yote na gramu za isotopu inayoweza kupasuka, hasa U-235. Urani asilia, iliyofifishwa, na thori huripotiwa kwa kilo. Ofisi yenye vyote viwili iko njia panda kila siku, na kosa la hapo ni mara 1,000. Mtu asichague kipimo. Achague aina ya nyenzo, kipimo kifuate chenyewe na kionekane kwa herufi kubwa pembeni ya kisanduku.

Mlinzi wa tatu ni wa mantiki ya fizikia. U-235 haiwezi kuzidi urani yote. Urani asilia ina takriban asilimia 0.711 ya U-235 kwa uzito, basi atakayechagua "asilia" kisha akaweka asilimia 19 akataliwe.

Wa nne ni wa nukta na mkato, na kwetu sisi ni wa lazima. Karatasi ya kutoka Nairobi ikiandika 1,250 inamaanisha elfu moja mia mbili na hamsini. Karatasi ya kutoka Lubumbashi au Bujumbura ikiandika 1,250 huenda inamaanisha moja na robo, kwa mazoea ya Kifaransa. Kisanduku kikatae mkato kabisa, na kabla ya kuhifadhi kirudie namba kwa maneno: "kilo moja, gramu mia mbili hamsini".

Tarehe iandikwe mwaka kwanza, 2025-04-03, kwa kuwa 3/4 kwa mashine yenye mpangilio wa Marekani ni tarehe 4 Machi. Na saa, ndugu yangu. Mhudumu akikuambia chombo kilihamishwa saa 2 asubuhi, usimwachie mgeni agonge 02:00. Ni 08:00. Muda uchukuliwe na kompyuta yenyewe kila inapowezekana.

Neno moja la tahadhari kuhusu walinzi. Wakizidi, hawalindi. Mfumo unaotoa onyo kwa kila ingizo unawafundisha watu kubonyeza "sawa" bila kusoma. Zuia kabisa yale yasiyowezekana. Kwa yale yasiyo ya kawaida lakini yanawezekana, dai sababu ya maandishi yenye jina la mtu. Yaliyobaki yaache yapite.

Hatua ya 6: Jicho la pili lisilochungulia la kwanza

Zitabaki namba ambazo mashine haiwezi kukuletea: matokeo ya maabara ya nje, cheti cha mtengenezaji, hati ya usafirishaji. Ofisi nyingi huweka kitufe cha "idhinisha" kwa msimamizi. Mimi sikiamini. Msimamizi anatazama namba iliyokwisha andikwa, na jicho linaona linachotarajia kuona.

Dawa ni ya zamani, ya enzi za kadi za kutobolewa matundu zilizoingiza data kwenye kompyuta: mtu wa pili anaandika namba ileile upya kutoka kwenye hati, bila kuonyeshwa ya kwanza. Kompyuta inalinganisha. Zikitofautiana wote wawili wanarudi kwenye hati. Inachukua muda, ndiyo maana uitumie kwa namba hizi chache tu.

Skana ikisoma chombo, mfumo uonyeshe picha yake na maelezo mafupi: chupa ya kahawia, kabati B, rafu ya chini. Ni kama unapotuma pesa kwa simu jina la mpokeaji linajitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Ukiona jina si lenyewe unasita.

Hatua ya 7: Hakuna kufuta

Ingizo likishahifadhiwa halifutwi na halibadilishwi. Kosa linasahihishwa kwa ingizo jipya linalotaja la zamani, lenye jina, muda na sababu. Hata ripoti zinazokwenda IAEA zinafuata njia hii: kila mstari una namba, na marekebisho yanataja namba ya ripoti na mstari unaorekebishwa.

Kila mtu aingie kwa nenosiri lake. Nenosiri la ofisi nzima lililobandikwa kwenye skrini linafanya kumbukumbu yote ya nani alifanya nini kuwa bure. Na chombo kikihamishwa kutoka eneo moja la hesabu kwenda jingine, huo ni muamala mmoja wenye pande mbili: kutoka huku hakukamiliki mpaka kule wakisome kwa skana yao.

Hatua ya 8: Kuhesabu kwa mwaka, na siri ya tisa

Angalau mara moja kwa mwaka unafunga milango, unasimamisha uhamishaji, na unahesabu kila kitu kwa skana. Kisha unafanya hesabu hii: salio la mwanzo, jumlisha vilivyoingia, toa vilivyotoka, toa vilivyokutwa. Kinachobaki wataalamu wanakiita MUF, nyenzo isiyoonekana kwenye hesabu. Kwa vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, kama ngao na fimbo, jibu lazima liwe sifuri. Kwa viwanda vya unga na vimiminika haliwi sifuri, kwa kuwa vipimo vina kutokuwa na uhakika kwake. Kwenye kiwanda cha kuchakata upya mafuta ya nyuklia cha Tokai, Japani, ilitangazwa 2003 kwamba kilo 206 za plutoni hazionekani kwenye hesabu ya miaka 25, na baada ya kukokotoa upya zikashuka hadi kilo 59. Sehemu ya maelezo ilikuwa kwamba plutoni-241 huoza na kupungua nusu kila baada ya miaka kama 14. Kompyuta nzuri inakokotoa uozo huo kila siku. Daftari haliwezi.

Tuseme ofisi yako ya chupa zilizofungwa ina haya: salio la mwanzo gramu 12,640, zilizoingia 3,200, zilizotoka 1,150, zilizokutwa 14,510. Hesabu inatoa 14,690 kasoro 14,510, yaani 180 hazionekani. Kabla ya kumwita mtu yeyote, gawanya kwa 9. 180 gawanya kwa 9 ni 20, bila baki. Hiyo ni dalili ya tarakimu mbili zilizopishana, maana mpishano wa tarakimu zinazofuatana siku zote huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Endelea: 180 ni 90 mara 2, basi zilizopishana ni za mamia na makumi, na zinatofautiana kwa 2. Tafuta kwenye orodha chupa ambayo mamia na makumi yake ni 4 na 2, au 5 na 3, na kadhalika. Ukikuta chupa ya 2,420 iliyoandikwa 2,240, umeipata. Kama haipo, tafuta nukta iliyoteleza: gramu 20 zikiandikwa 200 nazo huacha 180. Niliwahi kukaa siku tatu natafuta gramu 270 kabla mzee mmoja mhasibu hajanifundisha kugawanya kwa tisa. Ilichukua dakika ishirini.

Lakini dalili si ushahidi. Namba moja katika kila tisa hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Mpaka uishike chupa na kuipima tena, gramu zile bado hazijaonekana, na taratibu za usalama zinaendelea.

Hatua ya 9: Ripoti itoke yenyewe

Ripoti ya mabadiliko inatakiwa ndani ya siku 30 baada ya mwisho wa mwezi ambamo badiliko lilitokea. Ripoti ya mizania pamoja na orodha ya vilivyopo hutolewa ndani ya siku 30 baada ya kuhesabu. Zote zizalishwe na mfumo kutoka kwenye miamala, zitumwe kama faili, na kule ziendako zisomwe na mashine. Ukikuta mtu anachapa ripoti, rudi kwenye mchoro wa hatua ya 2.

Hakikisha kila mahali nyenzo inapoweza kukaa pana nafasi kwenye mfumo: stooni, njiani, ndani ya kinu, kwenye taka, kwa fundi. Japani iliacha kilo 640 za plutoni kwenye taarifa zake za mwaka za 2012 na 2013. Zilikuwa ndani ya mafuta yaliyopakiwa kwenye kinu namba 3 cha Genkai mwezi Machi 2011, yakatolewa bila kutumika, na wahusika walisema kilichokuwa ndani ya kinu hakikuwa cha kuripotiwa humo. Plutoni haikuibwa wala kupotea. Ilikaa mahali ambapo fomu haikuuliza.

Hatua ya 10: Usiiamini kompyuta peke yake

Mwaka 2001 ilifahamika hadharani kwamba wataalamu wa Taasisi ya Kurchatov mjini Moscow, waliopewa programu ya hesabu za nyuklia na maabara ya Los Alamos ya Marekani, waligundua baadhi ya rekodi zinakuwa hazionekani tena kadiri mfumo unavyotumika. Kosa lilikuwa kwenye hifadhidata ya Microsoft iliyobeba programu hiyo. Fikiria uzito wake: mfumo unakwambia chombo hakipo, na wewe huna kumbukumbu nyingine ya kukijua.

Kwa hiyo kila jioni chapisha miamala ya siku na salio, isainiwe, iwekwe kwenye jalada lililofungwa kwa ufunguo. Nakala rudufu ikae jengo jingine, na kila robo mwaka jaribu kuirejesha kwenye mashine tupu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hujui kama ni nakala. Kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka mitano. Mashine yenye hesabu hizi isiunganishwe na intaneti, wala isiguswe na flashi za watu. Orodha inayosema nini kiko kabati gani ni nyeti kama nyenzo yenyewe.

Hatua ya 11: Ujaribu kwa makosa ya makusudi

Endesha daftari na mfumo sambamba hadi uhesabuji mmoja kamili upite na zote mbili zikubaliane. Kisha, kwenye nakala ya majaribio, kaa na mtu mgumu kuridhika na muingize makosa haya moja baada ya jingine: namba ya chombo 470163 badala ya 407163, gramu 500 za nitrati kama urani, ngao ya LB 34 kama kilo 34, urani asilia yenye asilimia 19, uzito 1,250 wenye mkato, tarehe ya kesho, chombo kinachotoka eneo ambalo hakikuwamo, chombo kilekile kupokelewa mara mbili, usomaji wa mizani uliochukuliwa wakati mlango wake wa kioo uko wazi na namba inacheza. Mfumo unatakiwa uyakatae yote, na useme kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa nini. Ngao itakupa shida, kwa kuwa kilo 34 ni uzito unaowezekana. Itakamatwa tu kama uliingiza aina ya kamera na uzito wake kutoka kwa mtengenezaji, kwa hiyo rudi ukauingize.

Andika matokeo ya kila jaribio kwenye karatasi, wote waliokuwepo watie saini, na uiambatishe kwenye jalada la mfumo. Kila programu inapopata toleo jipya, majaribio yote yaanze tena kutoka la kwanza.